Bomba Halifiki Ndama

Ndugu msomaji, mimi na gesi ya Songo Songo tulijuana kwa njia ya aibu. Nilikuwa naandika riwaya yangu ya kwanza (bado naiandika, usinicheke), na katika sura ya nne nilimweka mama mmoja wa hapa kwetu Ndama, Karagwe, akipika maharage kwenye jiko la gesi. Mambo yanatokea mwaka 2005. Nikaandika kwa mbwembwe zote kwamba moto ule wa bluu ulizaliwa chini ya bahari ya Kilwa, ukasafiri ndani ya bomba kuvuka mito na milima, mpaka ukaibuka jikoni kwake asubuhi yenye ukungu. Niliipenda mno sentensi ile. Nilikuwa naisoma kwa sauti peke yangu chumbani.

Kuna mzee jirani yetu, fundi mstaafu, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mitambo ya umeme Dar es Salaam kabla ya kurudi nyumbani kulima kahawa. Nikampelekea daftari anisomee. Akasoma kurasa tatu, akavua miwani, akanitazama kama unavyomtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume.

"Mwanangu," akasema, "gesi ya Kilwa haijawahi kupanda huku. Hiyo ya mtungi imeshushwa bandarini kutoka melini. Huyu mama umempikia kwa gesi ya ng'ambo, shukrani ukawapa watu wa Kilwa."

"Lakini mzee, gesi si gesi tu?"

Akacheka mpaka akakohoa. Ndipo akanikalisha chini ya mgomba akanisomesha, na mengine niliyatafuta mwenyewe baadaye. Hiki unachosoma ndicho nilichorudi nacho.

Kwanza hilo la mtungi, maana najua wengi tuko gizani. Gesi ya mtungini ni ile inayokubali kugeuka maji ukiibana kidogo tu, kwa hiyo unaitia ndani ya chuma, unaifunga nyuma ya pikipiki, na jioni iko Kayanga. Gesi ya Songo Songo karibu yote ni methani, na methani ina kiburi. Ukitaka igeuke maji lazima uipoze mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri, kazi inayotaka kiwanda cha mabilioni ya dola. Usipoweza hilo, njia iliyobaki kwa safari ndefu ni bomba. Mafuta hata ukiyapata porini utayajaza pipani utafute mteja kesho. Gesi ya namna hii huwezi kuitoa kisimani kabla hujajua inakwenda wapi, inapita wapi, na nani atailipia huko mwisho. Bomba ni kama mahari: hutoi mpaka mchumba amekubali.

Ukilielewa hilo, historia yote ya gesi yetu inafunguka yenyewe. Mimi nilidhani ni historia ya visima. Kumbe ni historia ya bomba.

Songo Songo ni kisiwa kidogo cha wavuvi, kiko baharini mbele ya pwani ya Kilwa, kiasi cha kilomita 200 kusini ya Dar es Salaam. Mwaka 1974 kampuni ya Waitaliano, AGIP, ilichimba kisima pale. Hawa AGIP hawakuwa wageni nchini. Ndio walioshirikiana na serikali katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER kule Kigamboni. Na walichokuwa wanakitafuta kisiwani ni mafuta, si gesi. Kumbuka miaka ile: bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda mara nne kati ya mwisho wa 1973 na mwanzo wa 1974, na nchi maskini kama yetu ilikuwa inatweta. Basi wakachimba, na ikatoka gesi. Waitaliano wakapiga hesabu zao, wakaona gesi ile kisiwani, mbali na mji, mbali na kiwanda chochote, haina faida kwao. Wakaachana nayo.

Hebu fikiri, msomaji. Umechimba kisima unatafuta maji, ukakuta maziwa, halafu ukayafukia kwa sababu huna kibuyu.

Serikali haikukata tamaa. Shirika lake la mafuta, TPDC, lililoundwa 1969, likaendelea kuchimba visima vingine pale Songo Songo tangu 1976 hadi miaka ya mwanzo ya 1980, vingine kisiwani kwenyewe, vingine ndani ya maji. Mwaka 1982 AGIP wakapata gesi nyingine Mnazi Bay, kule Mtwara karibu na mpaka wa Msumbiji. Kwa hiyo gesi ilikuwepo, na ilijulikana kuwa ipo. Mtoto aliyezaliwa Kilwa mwaka ule wa 1974 alikua, akaoa, akazaa, na gesi bado iko chini ya miguu yake imelala.

Na si kwamba hakuna aliyeota. Ndoto ya kwanza kubwa haikuwa hata ya umeme. Ilikuwa ya mbolea. Methani unaweza kuigeuza amonia, na amonia ukaigeuza mbolea ya urea, hivyo katika miaka ya 1980 ulipangwa mradi wa kiwanda Kilwa, ukaitwa KILAMCO, kwa ubia na kampuni ya Kimarekani. Bomba lingekuwa fupi tu, kutoka kisiwani hadi bara. Kiwanda hakikujengwa. Nchi ilikuwa imetoka vitani (vita vilivyoanzia hapa hapa mkoani kwetu Kagera mwaka 1978, daraja la Kyaka likalipuliwa), fedha za kigeni hakuna, sabuni yenyewe foleni. Nani angekopesha kiwanda?

Mimi ndoto hiyo ndiyo inayoniuma kuliko zote. Sisi hapa Ndama mgomba tunaulisha samadi, asiye na ng'ombe anaomba kwa jirani. (Najua jina la kata yetu kwa Kiswahili maana yake mtoto wa ng'ombe, wageni wote huniambia utani huo wakidhani ni wa kwanza kuugundua.) Mfuko wa urea ungeweza kupanda lori Kilwa ukateremka Kayanga. Huo usingehitaji bomba la kilomita elfu moja na zaidi. Katika njia zote ambazo gesi ile ingeweza kumfikia mtu wa Karagwe, naona hiyo ndiyo ilikuwa karibu kuliko zote, nayo ndiyo iliyokufa kwanza.

Kilichoiamsha gesi ni giza. Miaka ya 1990 mvua zilipokosekana na mabwawa kukauka, Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa umeme, 1992, kisha tena 1994. Mzee wangu aliikumbuka miaka hiyo kwa kutikisa kichwa. Serikali ikaleta mitambo ya dharura pale Ubungo ikichoma mafuta ya bei mbaya, na wakati huo huo likarudi wazo la gesi: toa gesi Songo Songo, ilete Ubungo kwa bomba, iwashe mitambo ile ile. Kampuni za Kanada zikaingia katika mradi, Songas ikaundwa. Lipi la kusubiri tena?

Lilikuwepo. Mwaka 1995 serikali ilitia saini mkataba mwingine, wa kampuni ya IPTL, kujenga mtambo wa kuchoma mafuta mazito kule Tegeta. Basi ikawa kama mtu aliyechumbia wasichana wawili kwa mshahara mmoja. TANESCO isingeweza kulipia yote mawili, Benki ya Dunia iliyokuwa ikopeshe mradi wa gesi ikasita, na kesi ya gharama za IPTL ikaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa mpaka 2001. Mtambo wa mafuta ukaanza kuuza umeme 2002. Gesi, iliyogunduliwa kabla wengi wa wasomaji wa gazeti hili hawajazaliwa, ikaendelea kukaa foleni. Wenye hisa katika Songas nao wakabadilika kama dereva wa daladala: wakatoka Wakanada, wakaingia Wamarekani, wakaja Waingereza.

Hatimaye bomba likalazwa. Kutoka kisiwani, kilomita 25 chini ya bahari, bomba la inchi 12, linaibuka Somanga Fungu. Pale linanenepa kuwa inchi 16 na kuanza safari ya nchi kavu ya kilomita 207, limefukiwa ardhini, linavuka bonde la Rufiji mpaka Ubungo, na tawi moja likaenda Wazo kwenye kiwanda cha saruji. Visima vitano vya zamani, vile vile vya TPDC, vikafanyiwa matengenezo. Kisiwani ukajengwa mtambo wa kuikausha gesi kabla haijaingia safarini, kwa sababu ikibaki na unyevu inakula chuma na inaweza hata kuganda njiani. Uwezo wa mwanzo ulikuwa futi za ujazo milioni 70 kwa siku. Mwezi Julai 2004 gesi ikaanza kuuzwa.

Toka 1974 hadi 2004! Miaka 30 kwa safari ya kilomita 232. Mtu angetambaa angefika.

Mzee alikuwepo mjini gesi ilipofika. Nikamuuliza, mzee, mlishangilia? Akasema walichokiona wao ni kwamba kelele ya mtambo ilibadilika kidogo, na malori ya mafuta yakaacha kuja getini. Basi. Nilitaka jibu zuri zaidi kwa ajili ya riwaya, lakini hilo ndilo alilonipa, na kadiri siku zinavyopita nalipenda zaidi.

Sasa, vijana wa mjini tukisema kitu ni "bomba" tunamaanisha ni kizuri, kinapendeza. Nenda kaseme hivyo kwa mtu ambaye bomba linapita shambani kwake na jikoni kwake ana kibatari. Gesi ilipita Kilwa na Rufiji kuiwashia Dar es Salaam kwanza. Kisiwa cha Songo Songo kilipata umeme wake kutokana na mradi, hilo tuseme kweli. Lakini mtambo wa Somanga wa kuwapa umeme watu wa Kilwa, Rufiji na Lindi ulikuja miaka kadhaa baada ya taa za Dar kuwaka. Kilwa wana uzoefu na mambo haya. Dhahabu ya Sofala ilipita kwao zamani za masultani, na Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliukuta mji wa fahari. Baadaye karne ya kumi na tisa wakapita watumwa, kupitia Kilwa Kivinje. Dhahabu angalau iliwaachia Husuni Kubwa na msikiti mkuu, magofu yanayotembelewa mpaka leo. Sijui bomba litaacha magofu gani, maana liko chini ya ardhi.

Walioligeuza swali hilo kuwa moto ni watu wa Mtwara. Huko, kwa miaka kadhaa, gesi ya Mnazi Bay ilikuwa inazalisha umeme kwa ajili yao wenyewe, kusini. Kisha serikali ikaamua kujenga bomba la pili, kubwa, la inchi 36, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara hadi Kinyerezi, Dar es Salaam, kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China wa zaidi ya dola bilioni moja. Watu wakasema: haitoki. Desemba 2012 wakaandamana. Januari 2013 ghasia. Mei 22 mwaka huo huo, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni, Mtwara ikawaka. Nyumba na ofisi zikachomwa, watu wakafa, jeshi likaingia mjini.

Magazeti mengine yaliandika kana kwamba ni watu wasioelewa uchumi. Mimi nadhani walielewa historia. Mtwara ilijengewa bandari na reli miaka ya mwisho ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza. Karanga zikashindikana, na reli ya Nachingwea ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kung'olewa. Viwanda vya korosho vikajengwa, navyo vikasimama. Mtu ambaye babu yake aliona reli inang'olewa, baba yake akaona kiwanda kinafungwa, leo unamwambia bomba linaondoka na gesi lakini asiwe na wasiwasi, faida itarudi. Angeamini kwa kipi? Sisemi kuchoma nyumba ya mtu ni sawa. Nasema hasira ile ilikuwa na umri wa miaka sitini.

Bomba lilijengwa. Rais Kikwete alilizindua Oktoba 2015, wiki chache kabla hajaondoka madarakani. Kiwanda kikubwa cha saruji cha Dangote nacho kikafunguliwa Mtwara mwaka huo, na baadaye kikaanza kutumia gesi. Kwa nchi, gesi ilikuwa imekuwa mgongo: kabla Bwawa la Julius Nyerere halijaanza kuzalisha mwaka 2024, zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ya taifa ulikuwa wa gesi. Mkataba wa miaka 20 wa Songas ulifika mwisho mwaka huo huo wa 2024.

Kuna jambo moja la majina lazima nikuambie wewe mwenzangu unayependa maneno. Kuanzia 2010 kampuni za kigeni zilipata gesi nyingine nyingi zaidi, mbali sana baharini, kwenye kina kirefu. Wakavipa visima majina ya Kiswahili. Wa kwanza walivipa ya samaki na jamaa zake: Pweza, Chewa, Chaza, Jodari. Wanorwe walipoanza kupata yao 2012 wakaingia jikoni kabisa: Zafarani, Lavani, Tangawizi, Piri, Giligilani, Mdalasini. Yaani ukisoma ramani ya gesi ya kina kirefu unasikia harufu ya pilau! Gesi yote ya nchi ikijumlishwa inatajwa kuwa futi za ujazo trilioni 57, na sehemu kubwa ni hiyo. Na yote bado iko chini. Hiyo mpango wake ni kuletwa kwa mabomba ya baharini mpaka Likong'o, Lindi, ipozwe kwa zile nyuzi 162, ipakiwe melini kwenda kuuzwa nje. Mazungumzo yamechukua zaidi ya miaka kumi. Pilau imekolezwa viungo, moto bado haujawashwa.

Na sisi huku? Kutoka Ndama hadi Songo Songo ni kona na kona ya nchi. Hata umeme, kwa miaka mingi mkoa wa Kagera haukuunganishwa na gridi ya taifa. Tulivutiwa waya kutoka Uganda, ukapita Mutukula, pale pale majeshi ya Amin yalipopitia. Hivyo gesi ya Kilwa haikutufikia kwa bomba wala kwa waya. Bomba linalopita mkoani kwetu ni la mafuta ghafi, lile la Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, nalo limepita Missenyi na Muleba, Karagwe na Kyerwa hatumo. Novemba 2023 Tanzania na Uganda zilitia saini makubaliano kuhusu bomba la gesi la kwenda kaskazini. Rafiki zangu wa Kayanga waliposikia wakaanza kuhesabu litapita kijiji gani. Nikawaambia jamani, kwa mwendo wa Songo Songo, hesabuni wajukuu.

Wazee wa zamani wa Karagwe hawakuwa wageni wa mali ipitayo. Enzi za Mukama Rumanyika misafara ya pwani ilipita hapa ikielekea Buganda, wafanyabiashara wakaweka kituo Kafuro, na Speke alipofika 1861 alimkuta mtawala aliyekwisha kuzoea shanga, nguo na bunduki za kutoka Bahari ya Hindi. Maana yake pwani iliweza kutufikia kwa miguu, ikiwa na mizigo kichwani, miaka zaidi ya 160 iliyopita. Nikimwambia mzee hivyo, ananijibu kwamba shanga hazihitaji mgandamizo.

Sura ya nne nimeiandika upya. Jiko la gesi nimelitoa, maana mama wa Ndama mwaka 2005, ukweli wenyewe, ana mafiga matatu na moshi. Sentensi yangu ile nzuri imekwenda na maji; iliniuma siku mbili. Mjini, kwenye sura ya tano, nimemweka mwanawe anayefanya kazi Ubungo, anasikia kelele ya mtambo imebadilika na hajui ni kwa nini.

Nikampelekea mzee daftari tena. Akasoma polepole, safari hii miwani haikutoka. Alipofika mafigani akaweka kidole kwenye mstari.

"Kuni hizi ni za mti gani?"

Sikuwa nimeandika. Nikafunga daftari, nikarudi nyumbani kumuuliza mama.